Deni la Elimu: Shule ya Wageni Bagamoyo na Fitina ya Kurasini

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda kaskazini, akazipita Tegeta na Bunju, akaingia Mapinga na Kerege, hata ikamdhihirikia minazi ya Kiromo, hufika Bagamoyo akiwa amekwisha kujua ataoneshwa nini: magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, boma la Wajerumani, misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu waliotia nanga hapa mwaka 1868, na njia ya misafara iliyoishia pwani. Aghalabu haambiwi kwamba kuanzia mwaka 1970 mji huu ulikuwa na shule ya sekondari ya watu ambao nchi yao ilikuwa bado mikononi mwa wengine.

Shule hiyo ilikuwa ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoasisiwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, nacho kilikuwa vitani na Wareno tangu Septemba 1964. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa wakimbizi na wa wapiganaji. Walisomeshwa kwa Kireno, na saa za masomo zilipokwisha walishika jembe, kwa kuwa chama kilikuwa kimeshika shuruti kwamba kitabu na kazi ya mikono visitengane.

Lakini shule hiyo haikuzaliwa Bagamoyo. Ilikuwa imefungwa huko Kurasini, jirani na bandari ya Dar es Salaam, tangu Machi 1968. Na kilichoifunga hakikuwa bunduki ya Mreno wala ukosefu wa fedha. Ilifungwa kwa sababu wanafunzi wenyewe walisimama mbele ya viongozi wao wakauliza swali ambalo hata leo, katika vyuo vikuu vya nchi hizi, halijapata jawabu la kuwaridhisha wote: mtoto wa watu maskini akisomeshwa kwa jasho la umma, anadaiwa nini, na ni nani mwenye haki ya kuliandika deni hilo?

Kitanda, sahani na daftari

Shule hiyo ilianza kwa jina la Taasisi ya Msumbiji, iliyofunguliwa Kurasini mwaka 1963. Aliyeisimamia alikuwa Bi Janet Mondlane, Mmarekani mzaliwa wa Illinois, mkewe Dakta Eduardo Mondlane, yule msomi aliyeacha kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse akaja Dar es Salaam kukiongoza chama.

Fedha za mwanzo, dola zipatazo 100,000, zilitoka kwa Wakfu wa Ford. Serikali ya Ureno ilipopata habari ilighadhibika, ikalalamika kwa Wamarekani, na Wakfu ukajitoa. Pengo likazibwa na makanisa na nchi za Skandinavia, hasa Sweden, ambayo kuanzia mwaka 1965 iliitia Taasisi katika hesabu za misaada yake ya serikali.

Hapo kwanza palikuwa ni bweni tu, mahali pa kijana wa Kimsumbiji kulala, kula na kufundishwa masomo ya ziada. Baadaye pakawa shule kamili, pamoja na mafunzo ya wauguzi. Kwa mtu wa leo kitanda na sahani na daftari ni vitu vya kawaida. Kwa vijana wale vilikuwa ndoto iliyotimia, maana Ureno, baada ya kujigamba karne nyingi kwamba imepeleka ustaarabu, iliiacha nchi ile na zaidi ya watu 90 katika kila 100 wasiojua kusoma wala kuandika.

Wengi wao walikuwa wametoka katika seminari za Kikatoliki, hasa ile ya Zóbuè karibu na mpaka wa Malawi, kwa sababu huko ndiko mtoto wa Kiafrika alikoweza kupita elimu ya awali. Walitoroka, wakavuka mipaka, wakaja Tanzania. Na wengi walikuja na tumaini moja: kwamba Dar es Salaam ni kituo, na mwisho wa safari ni chuo kikuu cha ng'ambo.

Majoho mbele ya Ikulu

Insafu yataka tukumbuke jambo lililotokea katika mji huo huo miezi 17 kabla ya fitina ya Kurasini, kwa kuwa viongozi wa FRELIMO walikuwapo, wakaliona.

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wapatao 400, walio wengi kutoka Chuo Kikuu kule Mlimani, baadhi yao wamevaa majoho ya kitaaluma katika joto la pwani, walikwenda kwa maandamano hadi Ikulu kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria iliwataka watumike miaka miwili: miezi mitano kambini, na muda uliobaki makazini mwao kwa asilimia 40 ya mshahara. Bango moja lilisema kwamba enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali.

Mwalimu Nyerere aliwasikiliza hata wakamaliza. Kisha akawaka. Akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 papo hapo, akisema kwamba tabaka lote la wasomi na wakubwa linalipwa kupita kiasi, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa, wakarudishwa kwa wazazi wao. Miongoni mwao alikuwamo Samuel Sitta, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Mwaka uliofuata walio wengi walisamehewa wakarejea madarasani.

Miezi mitatu na nusu baada ya siku ile likatoka Azimio la Arusha.

*"Mtoto wa watu maskini akisomeshwa kwa jasho la umma, anadaiwa nini, na ni nani mwenye haki ya kuliandika deni hilo?"*

Usiku wa Kurasini

Ikhtilafu ya Kurasini ilikuwa na matawi mengi, na mwenye kutaka kuifahamu hana budi ausikilize kila upande kwa ukamilifu wake.

Wanafunzi walilalamika kwamba wanakatizwa masomo wakatumikie vita, ilhali ahadi waliyoifuata ilikuwa ya skolashipu. Walilalamika kuhusu lugha: kwa nini wasomeshwe kwa Kireno, lugha ya yule wanayempiga, na Kiingereza, ambacho kingewafungulia milango ya vyuo vikuu, kikapewa nafasi ya pili? Walilalamika kwamba baadhi ya walimu wao ni weupe wenye asili ya Kireno, na kwamba vyeo vya chama vimewaangukia mno watu wa kusini mwa Msumbiji, hali wengi wao walikuwa wa kati na wa kaskazini.

Aliyewapa sauti alikuwa Padri Mateus Gwenjere, aliyetoka jimbo la Sofala mwaka 1967 akiwa na sifa ya ushujaa mbele ya Wareno. Yeye alishikilia kwamba taifa lisilo na wasomi haliwezi kujitawala hata likishinda vitani. Kumpeleka msituni kijana aliyekwisha kufika sekondari, katika nchi ambayo vijana wa namna hiyo wahesabika, ni kuiteketeza mbegu. Hoja hiyo ina uzito, na haistahili kubezwa kwa sababu tu mwenye kuitoa alishindwa.

Viongozi walijibu kwamba msituni kuna maelfu ya vijana wasiojua hata kuandika majina yao, nao wanakufa ili huyu asome. Basi kwa haki gani huyu akapande ndege, akae miaka sita Ulaya au Marekani, arudi siku ya bendera achukue kiti cha Mreno? Mondlane, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na shahada ya udaktari wa falsafa, alikuwa amewaona vijana wengi walioondoka kwa fedha za chama wasirudi tena. Kuhusu lugha, walisema Msumbiji ina makabila mengi, na Kireno ndicho chombo pekee walichokuwa nacho wote. Kuhusu walimu, walisema adui ni utawala wa kikoloni, si rangi ya ngozi.

Mzozo huo ulivuka bahari. Wanafunzi wa Kimsumbiji waliokuwa wakisoma Marekani nao waliandikiana na Mondlane kwa maneno makali, yeye akiwataka warudi watumike, wao wakimtuhumu kwamba anawaogopa wenye elimu.

Usiku mmoja wa Machi 1968 palizuka mapambano mabwenini, baina ya wanafunzi na watu wa chama waliokwenda kurudisha nidhamu. Shule ikafungwa. Baadhi ya wanafunzi walipelekwa katika makazi ya wakimbizi kusini mwa Tanzania, wengine wakashika njia ya Kenya. Mwezi wa Mei ofisi ya chama mjini ilivamiwa, na mwanachama mmoja, Mateus Muthemba, akafa kwa majeraha aliyoyapata. Mwezi huo huo Serikali ya Tanzania iliwataka walimu weupe, akiwamo daktari Hélder Martins, waondoke nchini. Tarehe 3 Februari 1969 kifurushi cha kitabu kilichotiwa bomu kilimuua Mondlane huko Oyster Bay.

Hukumu yangu ni hii. Viongozi walikuwa na haki ya kudai utumishi, na madai yao yalikuwa ya uadilifu. Lakini walikosea pale walipoligeuza swali la mwanafunzi kuwa dalili ya usaliti. Kijana anayeuliza atasoma kwa lugha gani, na masomo yake yataishia wapi, anauliza habari ya maisha yake mwenyewe. Pale Kurasini hapakuwa na mlango ambao swali hilo lingeweza kupita bila ya kuvunja kitu.

Mwezi huo huo, Los Angeles

Katika Machi hiyo hiyo ya 1968, upande wa pili wa dunia, maelfu ya wanafunzi wa sekondari wa mashariki ya Los Angeles waliacha madarasa wakatoka barabarani. Walikuwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wakajiita Chicano, na mwalimu wao mmoja, Sal Castro, alisimama nao hata akatiwa nguvuni.

Malalamiko yao yangefahamika vizuri Kurasini: waliadhibiwa kwa kusema Kihispania, historia ya wazee wao haikuwamo vitabuni, na washauri wa shule waliwaelekeza kwenye kazi za mikono, kama kwamba chuo kikuu ni cha kaumu nyingine.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu walikutana Santa Barbara wakaandika mpango mzima: vijana wao wapokewe vyuoni, na wakipokewa wasiachwe wakazama, wapewe fedha za kujikimu, walimu wa kuwasaidia, washauri wanaoijua lugha ya nyumbani kwao, na idara za kusomesha historia yao. Vyama vya wanafunzi vilivyokuwa vimetawanyika viliungana chini ya jina moja, MEChA.

Katika mpango huo lipo jambo ambalo mtu wa pwani hii analistaajabia. Wanafunzi hawakudai tu, walijifunga. Waliandika kwamba msomi wao asiukimbie mtaa uliomzaa, bali elimu yake irudi huko. Ndilo lile deni ambalo Nyerere alilidai Ikulu na Mondlane akalidai Kurasini. Tofauti ni kwamba kule liliandikwa kwa mkono wa mwenye kudaiwa, na kando yake akaandika haki anazozidai yeye: chakula, malazi, ushauri, lugha.

*"Wanafunzi hawakudai tu, walijifunga."*

Waliojifunga Mlimani

Wala tusidhani kwamba Tanzania haikuwa na vijana wa namna hiyo. Mwaka 1967 pale Mlimani kiliundwa chama cha wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika, chenye kifupi cha USARF, na mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda. Wao hawakungoja kuamriwa watumike. Walipinga sherehe za kukusanyia maskini sadaka huku wanafunzi wamejivika matambara kwa mzaha. Walisoma nadharia siku za Jumapili. Wakakaa pamoja na wapigania uhuru waliojaa Dar es Salaam, na mwaka 1968 Museveni na wenzake wachache walikwenda hadi maeneo yaliyokombolewa ya kaskazini mwa Msumbiji.

Hebu fikiri: mwaka ule ambao wanafunzi wa Kimsumbiji walikuwa wakikataa kutoka Dar es Salaam kwenda huko, wanafunzi wa Mlimani walikuwa wakienda kwa ikhtiari yao.

Mwezi wa Novemba 1969 walianzisha jarida, Cheche, ambalo miongoni mwa wahariri wake walikuwamo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Ndimo Issa Shivji alimoandika makala yake juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya, akahoji kama kutaifisha mali ndio mwisho wa safari ya ujamaa, na ndimo Walter Rodney naye alimoandika. Baada ya mwaka mmoja, Novemba 1970, chama na jarida vyote viwili vilipigwa marufuku. Waliambiwa kwamba kazi hiyo inatosha kufanywa na Umoja wa Vijana wa TANU.

Basi waliokataa utumishi walifukuzwa mwaka 1966, na walioupenda kuliko walivyoamriwa wakanyamazishwa mwaka 1970. Kwa mambo hayo mawili naona kwamba kilichokuwa kikitakiwa kwa mwanafunzi ni utiifu, na utumishi ukaja nyuma yake.

Bagamoyo, mwaka 1970

Ndipo tunarudi Bagamoyo. Mwaka ule ule wa 1970, FRELIMO ikiwa chini ya Samora Machel, shule ilifunguliwa tena, lakini si mjini tena. Ikapelekwa kilomita 70 hivi kaskazini, mbali na balozi, magazeti na maajenti wa skolashipu.

Mji uliowapokea haukuwa mgeni wa jambo la elimu wala la mtu aliyepokonywa kwao. Hapa misheni ilikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, waliofundishwa kusoma na kulima. Hapa pia, Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka bara akiwa mtumwa, alisoma hata akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria, na wanafunzi wakamjia kutoka mbali mpaka alipofariki mwaka 1931. Bagamoyo ilikuwa imekwisha kujua kwamba asiye na kwao huweza kupata kwao katika chuo.

Tofauti kubwa baina ya Kurasini na Bagamoyo ilikuwa katika ahadi. Kijana aliyefika Kurasini mwaka 1964 alifika na tumaini la ng'ambo. Aliyefika Bagamoyo alikuwa amekwisha kuyajua masharti kabla ya kuvuka kizingiti. Likizo ikifika huenda akatumwa kazi. Akihitimu, huenda akarudi ndani kufundisha watoto chini ya mwembe. Mwalimu naye alilima. Miongoni mwa waliofundisha shule za FRELIMO katika nyakati zote mbili, Kurasini na kisha kuanzia mwaka 1974, alikuwa Mmarekani William Minter. Na miongoni mwa viongozi wa shule ya Bagamoyo alikuwa binti aliyeacha masomo yake Lisbon akajiunga na chama mwaka 1973, Graça Simbine, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Graça Machel.

Shule ilifaulu kwa kipimo chake. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, ikakimbiwa na Wareno walio wengi pamoja na ufundi wao, vijana waliosomeshwa kwenye ardhi ya Tanzania walikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa tayari kushika kalamu za serikali.

Lakini swali halikufa. Tarehe 8 Machi 1977, Rais Samora Machel aliwaita Maputo wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari akawatangazia kwamba nchi haina walimu wala watumishi, hivyo masomo waliyoyachagua yasimame, waende wanakopelekwa. Wengi walikwenda kwa moyo, na hadi leo wanajiita kizazi cha Machi 8 kwa fahari. Lakini wapo wanaokumbuka kwamba hakuna aliyewauliza.

Na Padri Gwenjere? Baada ya uhuru alitiwa mikononi mwa serikali mpya, akauawa pamoja na wapinzani wengine bila ya hukumu ya mahakama. Hilo ni doa, na mwenye kuipenda FRELIMO na kuishukuru, kama ninavyoishukuru, anapaswa kulitaja kwa jina lake, kuwa ni dhuluma.

*"Aliyefika Bagamoyo alikuwa amekwisha kuyajua masharti kabla ya kuvuka kizingiti."*

Deni kwa shilingi

Siku hizi, hapa Tanzania, deni la elimu linaandikwa kwa tarakimu. Baada ya serikali kuanza kuwachangisha wanafunzi gharama mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilitungwa sheria mwaka 2004, na mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi. Kijana wa Dunda au wa Mlingotini, huku Bagamoyo, akipata nafasi chuoni, jambo la kwanza analouliza ni kama jina lake limo katika orodha ya Bodi. Na akiwa chuoni, neno linaloweza kuwatoa wanafunzi mabwenini wote kwa mara moja ni kuchelewa kwa bumu, ile posho ya chakula na malazi.

Watu wazima huwalaumu: kwamba wazee wao waligoma kwa ajili ya Afrika, nao wanagoma kwa ajili ya tumbo. Lawama hiyo siikubali. Bweni la Kurasini lilifunguliwa kwa sababu mwenye njaa hasomi, na vijana wa Los Angeles na Santa Barbara waliweka fedha za kujikimu na walimu wa msaada katika safu moja na historia na lugha. Anayedai bumu lake lifike kwa wakati anadai sharti la kwanza la kuwa mwanafunzi.

Lililo zito zaidi linakuja baada ya kuhitimu. Walio wengi kati ya waliokopa miaka ya mwanzo walifahamu kwamba wakiajiriwa watakatwa asilimia 8 ya mshahara. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa, makato yakawa asilimia 15, na yakawashika hata waliokwisha kusaini zamani. Serikali ilikuwa na hoja yake: fedha zinazorudi ndizo zinazomsomesha mdogo wao, na wadaiwa wengi walikuwa wamejificha. Wadaiwa nao walikuwa na yao: mkataba wa watu wawili umebadilishwa na mmoja.

Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni mwaka hata mwaka mpaka mtu akalipa na deni likakua, iliondolewa mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza hivyo katika sherehe za Mei Mosi jijini Mwanza, baada ya wafanyakazi kulalamika kwa miaka kadhaa. Makato ya asilimia 15 yangalipo, na wanaoyakatwa bado wanataka waketi mezani siku yatakapojadiliwa tena.